Umri wa Gome

Mama alinifundisha kuchuma sombe, majani ya muhogo, kabla sijaanza shule. Tulipanda kilimani asubuhi, umande ukiwa bado majanini, na kila nilipoinama kushika majani mapana ya chini alinizuia. "Huko chini hapana, mwanangu. Chuma juu." Alitaka yale matatu manne ya kileleni, laini, yenye mng'ao, ambayo vikonyo vyake hukatika kwa ukucha. Ya chini yameshakomaa, hayapondeki, na hata ukiyachemsha hadi jua litue utatafuna nyuzi tupu.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba mkono wa Mama ulikuwa ukichagua mambo mawili kwa mpigo. Jani changa la muhogo lina protini nyingi kuliko jani kuukuu. Ndilo pia lenye sumu nyingi zaidi. Linamarini, ile sukari iliyofungamana na sianidi, hujaa katika majani machanga na kupungua kadiri jani linavyozeeka. Mmea hulinda kwanza kile kilicho laini, maana ndicho kinachotamaniwa na kila mdudu. Ndani ya jani, linamarini na kimeng'enya cha kuivunja hukaa mbalimbali, kila kimoja katika chumba chake. Mchi ukiponda, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, sianidi inafunguka, kisha moto unaifukuza pamoja na mvuke. Anayeponda kwa haraka na kuepua chungu mapema huwalisha watoto wake majani bora kuliko yote ya mmea huo, yakiwa bado na silaha zake.

Katika sura zilizotangulia tulizungumza kana kwamba kila mmea una dawa yake, ipo pale, inamngoja mwenye kuijua. Mmea hauko hivyo. Kemikali tunazozitafuta huzaliwa, hukua, hubadilika kuwa nyingine, na hupungua. Mtu akikuambia jani fulani linatibu, bado hujaambiwa kitu mpaka umuulize: jani la umri gani, kwenye mmea wa umri gani?

Mchuma chai wa milima ya Kivu analijua jibu la mmea wake kwa vidole. Anakata chipukizi na majani mawili yanayolifuata, basi, kwa sababu kafeini imejaa zaidi hapo juu kabisa na inashuka kila unapoteremka jani moja. Katika chai, ujana ndio mali.

Mkonge nao una saa yake. Mmea huu wa jamii ya agave ulifika pwani ya Tanganyika mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyopona safari ni 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba makubwa ya Tanga yakaenea. Utazame mkonge mmoja na utaona ngazi ya umri: jani kongwe liko chini, changa limesimama katikati kama mkuki, na baina yake yamo ya kila rika. Kwa miaka mingi viwanda vilichukua nyuzi, ambazo ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani, na kilichobaki kikamwagwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 dunia ikagundua kwamba kotisoni inatuliza maumivu makali ya viungo, ikaanza kuitafuta kila mahali, na mwaka 1951 wanakemia wa Uingereza wakaeleza jinsi ya kupata hekojenini, malighafi ya dawa za jamii hiyo, kutoka kwenye mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki. Hapo umri wa jani ukawa na bei mpya. Katika jani changa, sehemu kubwa ni tigojenini, ndugu wa hekojenini asiyefaa sana kwa kazi hiyo. Jani linapokomaa, hekojenini ndiyo inayotawala. Kisha mmea unatoa mlingoti wake mmoja wa maua, baada ya miaka saba, kumi au zaidi, na unakufa. Jani lile lile ambalo katika chai ungelitupa kwa uzee, katika mkonge ndilo unalolitaka.

Lakini mmea ulionifanya niandike sura hii ni mwingine, na uko hapa kwetu.

Ukitoka Bukavu kwenda Kabare, au ukifuata ziwa kuelekea Kalehe, utaona kwenye miteremko miti myembamba yenye majani mapana, machanga yakiwa na wekundu fulani, imepandwa kwa safu. Wenye mashamba huiita quinquina, kwa Kifaransa. Mimi nitauita mkwinini. Asili yake ni miteremko ya Andes, Amerika Kusini, na Kivu umepata karibu kila unachokipenda: mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, mvua nyingi, udongo wenye tindikali, ubaridi usiofikia jalidi. Gome lake lina alkaloidi nyingi, nne kati yake zikiwa maarufu: kwinini, kinidini, sinkonini na sinkonidini. Kwinini imeokoa watu wa malaria kwa karne nne, mwanzoni kama unga wa gome uliochanganywa na divai, kisha kama dawa safi baada ya Wafaransa Pelletier na Caventou kuitenga mwaka 1820. Kinidini hutuliza moyo unaopiga bila mpangilio.

Sasa ufuate mti mmoja tangu kitaluni. Mwaka wa kwanza gome lake ni jembamba kama karatasi, na kwinini iliyomo haina maana kwa mnunuzi. Mwaka wa pili na wa tatu linaanza kunenepa. Alkaloidi hutengenezwa na kuwekwa akiba katika seli hai za gome, kwa hiyo gome likinenepa ghala nalo linapanuka. Na si ghala tu, hata kiasi cha kwinini kwa kila kilo ya gome kavu kinapanda. Kati ya mwaka wa sita na wa kumi, kutegemea aina ya mti na mahali ulipo, mti unafika kilele chake. Baada ya hapo kiasi kinasimama, halafu kinaanza kushuka taratibu. Ndani ya mti huo huo kuna tofauti nyingine: gome la shina lina kwinini nyingi kuliko la matawi membamba, na majani yana kwinini kidogo mno.

Watu wengi huteleza hapo, na mimi niliteleza. Nilidhani ulimi unatosha. Gome la mti wa miaka mitatu ni chungu, chungu kweli, linakukunja uso. Ukimpa mtu alionje pamoja na la mti wa miaka tisa, atakuambia yote ni dawa. Lakini uchungu una vyanzo vingi. Sinkonini ni chungu, tanini hukausha mdomo, na ulimi hauna namna ya kutenganisha kimoja na kingine. Ukweli hujulikana maabara, gome linaposagwa, likachanganywa na chokaa ili alkaloidi ziachie, zikatolewa kwa kiyeyushi, kisha zikapimwa.

Tupige hesabu, kwa sababu katika jambo hili hesabu ni uhai wa mtu. Mgonjwa mtu mzima aliyetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini alimeza miligramu 600 mara tatu kwa siku, siku saba: takriban gramu 12.6. Chukua kilo ya gome lenye kwinini asilimia 6, kiwango kizuri cha mti uliokomaa; ndani yake mna gramu 60, yaani dozi nne na ushei kabla ya kuhesabu kinachopotea kiwandani. Chukua kilo ya gome changa lenye asilimia 2. Gramu 20. Mtu mmoja anapona, wa pili anaachwa njiani. Na mkulima aliyekata mapema hupoteza mara mbili, maana gome changa ni jembamba, hivyo anahitaji kukata miti mingi zaidi ili tu aijaze ile kilo.

Habari za mti huu ni habari za kungoja tangu mwanzo. Miaka ya 1860 mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, alitaka mbegu za mikwinini bora ya Bolivia, na aliyejua miti hiyo iko wapi alikuwa mtumishi wake Manuel Incra Mamani, mzawa wa kabila la Aymara. Mamani hakuchukua mbegu za mti wowote aliokutana nao. Alitaka za miti fulani, akaenda msituni, na mwaka baada ya mwaka jalidi ikaua maua kabla mbegu hazijakomaa. Akangoja hadi mwaka 1865, alipotoka na mbegu zilizoiva. Baadaye alikamatwa kwa kosa la kuzitoa nchini, akapigwa gerezani, na akafa kutokana na mateso. Serikali ya Uingereza ilikataa kuzinunua mbegu hizo. Waholanzi wakanunua ratili moja, wakaipanda Java, na miti iliyokua ikatoa kwinini hadi asilimia 13, kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Aina hiyo leo inaitwa kwa jina la Ledger. Ningependa ingeitwa kwa jina la Mamani, maana ni yeye aliyejua kwamba mbegu isiyokomaa haina thamani, akalipa kwa roho yake.

Kufikia miaka ya 1930 karibu kwinini yote ya dunia ilitoka Java. Kisha mambo mawili yakafuatana: Mei 1940 Ujerumani iliiteka Uholanzi na maghala yake, na Machi 1942 Japani ikaiteka Java. Ghafla majeshi ya upande wa pili yalijikuta katika nchi za malaria bila dawa. Macho yakaelekea Kivu, ambako Wabelgiji walikuwa wameanza kupanda mikwinini, na ambako kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, karibu na Bukavu iliyokuwa bado ikiitwa Costermansville, kilikuwa kikifanya kazi. Mashamba yakapanuliwa. Lakini hapa umri ulitoa hukumu yake: huwezi kuamuru mti wa mwaka 1942 utoe kwinini mwaka 1943. Waliokuwa na dawa wakati wa vita ni wale waliopanda kabla ya vita, walipokuwa hawajui kwamba itahitajika.

Biashara hiyo ndiyo iliyozaa kiwanda cha Pharmakina kilichopo Bukavu hadi leo. Kilipita mikononi mwa Wajerumani wa Boehringer Mannheim, kisha Roche ya Uswisi, na mwaka 1999, wakati wageni wengi walikuwa wanafunga virago, wasimamizi wake wawili, Horst Gebbers na Etienne Erny, wakakinunua. Naitaja miaka hii kwa sababu nataka uhesabu. Mti uliopandwa mwaka 1990 ulikuwa na miaka sita jeshi la waasi la AFDL lilipoingia Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996. Ulikuwa na miaka minane vita vya pili vya Kongo vilipoanza Agosti 1998. Uliochipuka upya kwenye kisiki chake mwaka huo ulikuwa na sita tu mji ulipotekwa na waasi Juni 2004. Na miche iliyotoka kitaluni mwaka 2018 ilikuwa karibu kufika pale inapopaswa kufika waasi wa M23 walipouchukua mji wa Bukavu Februari 2025.

Mkwinini unahitaji miaka minane ya mtu yule yule, kwenye ardhi ile ile, mwenye uhakika kwamba atakayevuna ni yeye. Ukimweleza mkulima wa Kalehe kwamba gome lake litakuwa na thamani mara tatu baada ya miaka minne, atakusikiliza kwa adabu. Kisha atakuonyesha njia ambayo watu wenye silaha walipita, karo ya watoto, mke aliyelazwa. Mti uliosimama ni mali inayoonekana na kila apitaye. Usiku mmoja unaweza kuamka ukakuta imebaki mifupa myeupe ya miti, magome yote yamechunwa na yanasafiri kuelekea mpakani. Anayekata mapema si mjinga. Anajua umri wa gome kuliko mimi. Anajua pia umri wa amani.

Nilishuhudia mara moja mkulima na mnunuzi wakiwa wameinamia gunia moja. Mnunuzi alichukua kipande, akakivunja, akatazama unene wake dhidi ya mwanga, akakirudisha polepole. "Papa, gome lako bado changa." Mkulima akajibu bila kuinua macho: "Na mimi najua. Mutoto wangu pia alikuwa changa, na homa haikumungojea." Bei iliyotajwa baadaye ilikuwa ndogo, na haki ya kuwa ndogo ilikuwepo kwenye karatasi za maabara. Sikuweza kuiona haki hiyo siku ile.

Kuna ugonjwa pia, ambao hauhitaji silaha. Kimelea kiitwacho fitoftora huozesha mizizi na ukosi wa mti, hasa pale maji yanapotuama, na kinaweza kuua mti ukiwa umebakiza mwaka mmoja. Aina ya Ledger, pamoja na utajiri wake wote, ina mizizi dhaifu. Ndiyo maana wataalamu huipandikiza juu ya shina la mkwinini mwekundu, wenye kwinini kidogo ila mguu imara.

Mambo ya umri hayaendi sawa siku zote, na wapo waliojaribu kuuhadaa. Katika milima ya Nilgiri nchini India, miaka ya 1860, mtunza bustani William McIvor alichuna vipande virefu vya gome mti ukiwa bado umesimama, akafunika jeraha kwa kuvumwani mbichi. Gome jipya likaota chini ya kuvumwani, na lilipopimwa likaonekana kuwa na kwinini nyingi kuliko lile la zamani. Gome changa, lenye utajiri wa uzee! Jambo hili lilinisumbua muda mrefu, hadi nilipoona kwamba gome ni changa, lakini mti ulioliotesha ni mzima, na mizizi yake na majani yake yana nguvu ya miaka. Umri wa kipande na umri wa mwili mzima ni vitu viwili, na mganga anayekuambia "chukua gome jipya" yafaa aeleze anamaanisha upi.

Siku hizi kwinini si mfalme tena. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi tisa za Afrika pamoja na hapa Kongo, mjini Kinshasa, ulifuatilia watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliochomwa sindano za kwinini walikufa asilimia 10.9, waliochomwa artesuneti, asilimia 8.5. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani liliipa artesuneti nafasi ya kwanza kwa watoto pia. Kwinini imebaki akiba, na gome la Kivu linakwenda pia kwenye vinywaji vichungu na dawa za moyo.

Artesuneti nayo inatokana na mmea, na mmea huo una saa kinyume kabisa na ya mkwinini. Artemisia annua huishi msimu mmoja. Dawa yake iko kwenye majani, ndani ya vitezi vidogo vinavyong'aa juu ya uso wa jani, na kiasi chake hupanda hadi mmea unapokaribia kutoa maua, kisha hushuka. Dirisha ni la wiki chache. Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina aliyeshinda Tuzo ya Nobeli mwaka 2015, alipoanza kazi yake matokeo yalikuwa yakipanda na kushuka bila mpango, na sehemu ya jibu ilikuwa hii: artemisinini iko hasa kwenye majani, na ni lazima yachumwe wakati wake. Hata baada ya kuchumwa mambo hayasimami, kwani ndani ya jani linalokauka kitangulizi cha artemisinini huendelea kugeuka kuwa artemisinini yenyewe. Jani lililokufa linamalizia kazi ya jani hai.

Ndiyo sababu mimi, ninayeheshimu sana mitishamba ya mama zetu, siwezi kumshauri mtu kutibu malaria kwa kikombe cha chai ya artemisia iliyochumwa nyuma ya nyumba. Mmea wa jirani uliochumwa mwezi mmoja mapema unaweza kuwa na sehemu tu ya dawa inayotakiwa, rangi ikiwa ile ile na uchungu ule ule. Homa inashuka, vimelea vilivyobaki vinajifunza. Shirika la Afya Duniani halipendekezi matumizi hayo, na kupanda na kushuka kwa kiasi cha dawa ni mojawapo ya sababu zake.

Mara ya mwisho nilipopanda Kabare nilimkuta mzee mmoja akihudumia visiki vyake. Alikuwa amekata miti yake juu kidogo ya ardhi, miti iliyotimiza umri, na kila kisiki kimetoa machipukizi kumi na zaidi. Alikuwa akiyapunguza kwa panga dogo, akibakiza mawili, matatu, yale yaliyonyooka. Mizizi ni ile ya zamani, akanieleza, kwa hiyo haya yatakimbia kuliko miche. Nikamuuliza atavuna lini. Alimwita mjukuu wake aliyekuwa akicheza kando, msichana mwenye sare mpya ya shule iliyomzidi mikono, akamsimamisha karibu na chipukizi moja, akatazama yupi mrefu.

"Huyu ameanza darasa la kwanza mwaka huu," alisema. "Akimaliza la sita, nitakuja niguse gome. Nikiona bado, nitamngoja aingie sekondari."

Kisha akahamia kisiki kilichofuata.